Andreas Vesalius: Mwana wa Brussels aliyesahihisha kosa lake mwenyewe kuhusu mishipa ya ubongo

Mtu anayeshuka kwenye kituo cha metro cha Alma, katika manispaa ya Woluwe-Saint-Lambert mashariki mwa Brussels, hujikuta katikati ya majengo ya kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Louvain. Jirani na hapo ipo hospitali kubwa ya Saint-Luc, ambayo ilifunguliwa mwaka 1976 na ambako wagonjwa wa kila rangi na kila lugha hutibiwa. Katika eneo hilohilo, kwenye barabara ya Emmanuel Mounier, upo mnara unaoitwa Mnara wa Vésale. Wanafunzi, wauguzi na wagonjwa hupita chini yake kila siku, na si wengi wanaosimama kujiuliza huyo Vésale alikuwa nani na alifanya nini hata jengo la madaktari likapewa jina lake.

Katika makala hii tutaangalia maisha ya mtu huyo, Andreas Vesalius, ambaye wanahistoria wengi wanamtaja kuwa baba wa elimu ya kisasa ya anatomia. Lakini hatutazungumzia sifa zake tu. Tutazungumzia zaidi jambo moja ambalo lilimtia aibu na baadaye likampa heshima, nalo ni suala la mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Kwa miaka kadhaa Vesalius aliwaonyesha wanafunzi wake kitu ambacho hakimo kabisa katika kichwa cha mwanadamu. Kisha, akiwa na umri wa miaka 28, alikiri hadharani na kwa maandishi kwamba alikuwa amekosea.

Kuzaliwa na malezi

Andreas Vesalius alizaliwa mjini Brussels tarehe 31 Disemba mwaka 1514. Kwa Kiholanzi ukoo wake uliitwa van Wesel, Wafaransa humwita Vésale, na Vesalius ni jina la Kilatini, lugha ya wasomi wa zama hizo. Baba yake alikuwa mfamasia katika kasri ya Kaizari Charles wa Tano, na babu yake pia alikuwa tabibu wa wafalme. Kwa hiyo mtoto huyo alikulia katika nyumba ya vitabu na dawa.

Nyumba yao haikuwa mbali na kilima ambako wahalifu walinyongwa na miili yao kuachwa ikining'inia hadi kuoza. Leo hii juu ya kilima hicho limesimama jengo kubwa la mahakama la Brussels, Palais de Justice, ambalo si mbali na mtaa wa Matonge unaofahamika sana na Waafrika wanaoishi Ubelgiji. Inasimuliwa kwamba Andreas akiwa bado mdogo alikuwa akipasua panya, paka na mbwa ili aone kilichomo ndani.

Mwaka 1530 alijiunga na Chuo Kikuu cha Louvain, mji ambao kwa Kiholanzi huitwa Leuven, na mwaka 1533 akaelekea Paris kusomea tiba. Huko walimu wake walikuwa mabingwa wawili, Jacobus Sylvius na Johann Guinter wa Andernach. Desturi ya masomo ya anatomia zama hizo ilikuwa hivi: mwalimu alikaa juu kwenye kiti cha heshima akisoma kitabu cha Galen, na chini yake kinyozi aliyejua kushika kisu alikata maiti. Mwalimu hakugusa, na kinyozi hakujua Kilatini kilichokuwa kikisomwa. Pale ambapo kitabu na maiti havikupatana, maiti ndiyo iliyodhaniwa kuwa na kasoro.

Vesalius hakuridhika na hali hiyo. Alikuwa akienda kwenye makaburi ya Paris kutafuta mifupa, na yeye na wenzake walifikia hadi ya kushindana kutambua kila mfupa kwa kuupapasa tu huku wamefumba macho.

Mwaka 1536 vita kati ya Ufaransa na Kaizari vilimlazimisha kurudi Louvain. Hapo ndipo kilipotokea kisa ambacho yeye mwenyewe alikisimulia baadaye. Alipokuwa akitembea nje ya mji pamoja na rafiki yake, mtaalamu wa hesabu Gemma Frisius, aliona kwenye mti wa kunyongea mabaki ya mhalifu ambaye ndege walikuwa wamemla nyama na kuacha mifupa ikiwa bado imeshikana. Vesalius aliparamia mti huo, akachukua mifupa na kuiingiza mjini kwa siri. Watu walipouliza, aliwaambia kwamba ameileta kutoka Paris.

Mwaka uliofuata, 1537, alichapisha kazi yake ya kwanza. Inafaa kuashiria hapa kwamba kazi hiyo ilihusu kitabu cha tisa cha tabibu mkubwa wa Iran, Muhammad bin Zakariya Razi, aliyeishi karne ya 9 na ya 10. Hii inaonyesha jinsi vyuo vikuu vya Ulaya wakati huo vilivyokuwa vikitegemea vitabu vya matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, kikiwemo kile cha Qanun cha Ibn Sina.

Wavu wa ajabu

Baada ya hapo Vesalius alivuka milima ya Alps na kwenda Padua, Italia. Tarehe 5 Disemba 1537 alipata shahada ya udaktari, na siku iliyofuata tu alianza kufundisha upasuaji na anatomia akiwa bado hajatimiza miaka 23. Hakukaa kwenye kiti cha juu. Alishuka chini, akashika kisu mwenyewe, na wanafunzi wakamzunguka kuangalia.

Ili tuelewe kilichomsumbua, ni lazima turudi nyuma kidogo. Galen, tabibu wa Kigiriki aliyezaliwa Pergamo mwaka 129 na kufanya kazi Roma, alikuwa ndiye hoja ya mwisho katika tiba kwa zaidi ya miaka 1,300. Galen alifundisha kwamba chini ya ubongo, pale mishipa miwili mikubwa ya shingo inapoingia ndani ya fuvu, mishipa hiyo hugawanyika na kuwa vijishipa vingi vilivyosukwa kama wavu wa mvuvi, kisha huungana tena. Wavu huo uliitwa kwa Kilatini rete mirabile, yaani wavu wa ajabu.

Katika mafundisho ya Galen wavu huo haukuwa jambo dogo. Aliamini kwamba roho ya uhai inayotoka moyoni hufika hapo, husafishwa na kupikwa polepole ndani ya vijishipa hivyo, na hugeuka kuwa roho ya juu zaidi inayompa mtu fikra, hisia na uwezo wa kutembea. Kwa maneno mengine, akili ya mwanadamu ilitegemea wavu huo. Matabibu waliokuja baadaye, akiwemo Ibn Sina, waliupokea na kuuandika katika vitabu vyao. Ukiuondoa wavu, maelezo yote ya jinsi ubongo unavyofanya kazi yalibaki hewani.

Je, Galen alisema uongo? La hasha. Wavu huo upo kweli, ila si kwa mwanadamu. Katika Roma ya wakati wake haikuwezekana kupasua maiti za watu, kwa hiyo Galen alipasua ng'ombe, nguruwe, mbuzi na nyani. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanao wavu huo, na mtu akipasua fuvu la mbuzi kwa uangalifu ataukuta chini ya ubongo. Farasi hana, sungura hana, na binadamu hana. Galen aliona kitu cha kweli kwa mnyama akadhani ndivyo alivyo pia mwanadamu.

Sasa Vesalius alikuwa Padua, na kila alipopasua kichwa cha mtu aliutafuta wavu asiuone. Alifanya nini? Hapa ndipo penye mtihani wake. Kijana huyo, ambaye alikuwa na ujasiri wa kuparamia mti wa kunyongea usiku na mchana, hakuwa na ujasiri wa kumkanusha Galen. Kila alipofanya upasuaji wa kichwa mbele ya wanafunzi, aliweka pembeni kichwa cha kondoo au cha ng'ombe. Alipofika sehemu ya wavu, alikiacha kichwa cha mtu na kuwaonyesha wanafunzi kile cha mnyama. Si hayo tu, bali mwaka 1538 alipochapisha michoro yake sita mikubwa ya anatomia, ambayo ilinunuliwa kwa wingi na kuigwa Ulaya nzima, wavu wa ajabu ulichorwa humo kana kwamba ni kiungo cha mwanadamu.

Kukiri kosa

Shaka ilizidi mwaka hadi mwaka. Kuanzia mwaka 1539 jaji mmoja wa Padua alianza kumpa miili ya wahalifu walionyongwa, na hivyo akapata maiti nyingi kuliko walimu waliomtangulia. Mwezi Januari mwaka 1540 aliitwa Bologna kufanya upasuaji mbele ya hadhara kubwa, na huko aliunganisha kiunzi cha mifupa ya mtu na cha nyani na kuvilinganisha. Alipoona kwamba baadhi ya maelezo ya Galen kuhusu uti wa mgongo yanafanana na nyani na hayafanani na mtu, alipata ufunguo wa fumbo lote. Galen alikuwa akieleza miili ya wanyama.

Vesalius alijifungia kazini. Mwaka 1542 vibao vya mbao vilivyochongwa michoro yake vilisafirishwa kuvuka Alps hadi Basel, Uswisi, kwa mchapishaji Johannes Oporinus. Mwezi Juni mwaka 1543 kitabu chake kikuu kuhusu muundo wa mwili wa mwanadamu, kinachojulikana kwa kifupi kama Fabrica, kikatoka. Kilikuwa na sehemu saba, kurasa zaidi ya 600 na michoro zaidi ya 200. Ni mwaka huohuo ambapo kitabu cha Copernicus kuhusu dunia kulizunguka jua kilichapishwa.

Katika kitabu hicho Vesalius alieleza kwamba mfupa wa taya la chini la mtu ni mmoja na si miwili, na kwamba mfupa wa kidari una sehemu tatu na si saba. Ni vyema kukumbusha kwamba kuhusu taya, Abdul-Latif wa Baghdad alikuwa ameshabaini ukweli huo zaidi ya miaka 300 kabla, alipochunguza mifupa ya watu waliokufa kwa njaa kubwa nchini Misri karibu na mwaka 1200. Vilevile, kuhusu wavu wa ajabu, Vesalius hakuwa wa kwanza kutia shaka. Berengario da Carpi wa Bologna alikuwa ameandika mwanzoni mwa miaka ya 1520 kwamba ameutafuta mara nyingi na hakuwahi kuuona.

Lakini Berengario hakuwa amewafundisha wengine kosa hilo kwa mchoro uliosambaa Ulaya nzima. Vesalius alikuwa amefanya hivyo, na angeweza kunyamaza. Angeweza kuuondoa wavu katika kitabu kipya kimyakimya, na wengi wasingegundua. Badala yake aliandika kwamba wavu huo haumo kwa mwanadamu, kisha akajitaja yeye mwenyewe miongoni mwa waliokosea. Alisimulia habari ya kichwa cha kondoo alichokuwa akikiweka kando, akasema alifanya hivyo kwa kumpenda mno Galen na kwa kuogopa kuonekana ameshindwa kuona kile ambacho kila mtu anakijua. Aliushangaa hadharani ujinga wake mwenyewe.

Kwa hakika jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kumsahihisha mtu aliyekufa zamani si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kuwaambia wanafunzi wako kwamba siku ile ulipowaonyesha kwa kidole, uliwadanganya.

Gharama ya ukweli

Mwalimu wake wa zamani wa Paris, Sylvius, alikasirika kupita kiasi. Mwaka 1551 alichapisha kitabu cha kumshambulia ambamo aliligeuza jina la Vesalius kwa Kilatini ili lisomeke kama mwendawazimu. Alidai kwamba Galen hakukosea hata kidogo, na kwamba ikiwa mwili wa mtu unatofautiana na maelezo ya Galen, basi ni miili ya watu iliyobadilika tangu enzi hizo.

Kufikia wakati huo Vesalius alikuwa ameshaacha kufundisha. Muda mfupi baada ya kitabu chake kutoka aliingia katika utumishi wa Kaizari Charles kama tabibu wa kasri, na kabla ya kuondoka Italia, katika hali ya hasira, alichoma moto maandishi yake mengi. Alioa mwaka 1544, akapata binti mmoja, na akajenga nyumba kubwa mjini Brussels. Mwaka 1555 alitoa chapa ya pili ya kitabu chake ikiwa na masahihisho, na humo alikanusha waziwazi zaidi fundisho la Galen kwamba kuna matundu katika ukuta unaogawa vyumba vya chini vya moyo.

Mwaka 1559 aliitwa haraka Paris. Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alikuwa amejeruhiwa kwa kipande cha mkuki kilichomwingia juu ya jicho tarehe 30 Juni katika mashindano ya farasi. Vesalius na mpasuaji mashuhuri wa Kifaransa Ambroise Paré walimwangalia mgonjwa, lakini hawakuweza kumwokoa na akafariki tarehe 10 Julai. Mwili ulipochunguzwa, fuvu halikukutwa limepasuka, lakini ndani, upande wa nyuma wa kichwa, damu ilikuwa imevuja na ubongo kuharibika. Lilikuwa funzo kubwa kwamba mtu anaweza kuuawa na damu iliyomwagika ndani ya fuvu ambalo kwa nje ni zima.

Baada ya hapo Vesalius alihamia Hispania pamoja na Mfalme Philip wa Pili. Huko, mwaka 1561, alipata kitabu cha Gabriele Falloppio, mtaalamu kijana aliyekuwa akifundisha Padua. Falloppio alimsifu Vesalius, na papo hapo akamsahihisha katika mambo kadhaa, na pia akaeleza vizuri zaidi jinsi mishipa ya ubongo inavyoungana chini yake. Yule aliyemsahihisha Galen sasa alikuwa akisahihishwa. Vesalius aliandika jibu refu ambamo alikubali baadhi ya mambo na kupinga mengine.

Mwaka 1564 alifunga safari ya kuhiji Baitul Muqaddas. Kuna hadithi iliyoenea kwamba alipelekwa huko kama adhabu kwa kumpasua mtu aliyekuwa bado hai, lakini wanahistoria wa leo hawaikubali. Akiwa njiani kurudi, Vesalius aliaga dunia mwezi Oktoba mwaka huo katika kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, akiwa hajatimiza miaka 50. Kaburi lake halijulikani lilipo.

Ramani kamili

Je, ni nini basi kilichopo chini ya ubongo wa mwanadamu ikiwa wavu haupo? Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, yaani asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu yake huletwa na mishipa minne ya ateri. Miwili hupanda mbele ya shingo, nayo huitwa ateri za karotidi. Hiyo ndiyo unayoisikia ikipiga ukiweka vidole kando ya koo. Miwili mingine hupanda nyuma kupitia vitundu vilivyomo katika pingili za shingo, kisha huungana ndani ya fuvu na kuwa mmoja.

Mishipa ya mbele na ya nyuma huunganishwa na mishipa midogo, na yote kwa pamoja hufanya duara chini ya ubongo, mfano wa barabara ya mzunguko yenye njia kadhaa za kuingia na kutoka. Tabibu wa Uingereza Thomas Willis ndiye aliyelieleza duara hilo kikamilifu mwaka 1664, kwa mchoro wa Christopher Wren, na hadi leo linaitwa duara la Willis. Miaka sita kabla yake, Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, Uswisi, alikuwa ameonyesha kwamba kiharusi kinaweza kusababishwa na damu kuvuja ndani ya ubongo.

Willis alieleza pia faida ya duara hilo. Alimchunguza baada ya kifo mtu ambaye karotidi yake moja ilikuwa imeziba, lakini uhai wake wote hakuwahi kupooza, kwa kuwa mshipa wa nyuma wa upande huo ulikuwa umepanuka na kuichukua kazi. Hata hivyo si kila mtu ana duara lililokamilika. Kwa watu wengi kuna kiungo chembamba mno au kilichokosekana, na hiyo ni miongoni mwa sababu kwamba mshipa uleule ukiziba kwa watu wawili, mmoja huweza kupona na mwingine kupooza.

Ama wavu wa ajabu wenyewe, nao ulipata heshima yake mahali pake, na mahali hapo ni Afrika Mashariki. Mwaka 1972 watafiti C. Richard Taylor na Charles Lyman walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu swala tomi, yule swala mdogo wa mbuga za Kenya na Tanzania. Walibaini kwamba swala huyo anapokimbia mwili wake hupata joto kali, lakini ubongo wake hubaki na joto la chini kuliko damu inayotoka moyoni, kwa tofauti ya zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi. Siri yake ni wavu huo: damu ya moto hupita katika vijishipa vyake vinavyozungukwa na damu iliyopoa kutoka puani. Galen alikuwa ameona chombo cha kupooza ubongo akadhani ni kiwanda cha akili.

Turudi Woluwe

Mnara wa Woluwe-Saint-Lambert umetokana na historia nyingine ya ugomvi. Mwaka 1968 mvutano wa lugha kati ya Waflamandi na wanaozungumza Kifaransa uliupasua Chuo Kikuu cha Louvain vipande viwili. Waflamandi wakabaki Leuven, wanaozungumza Kifaransa wakajengewa mji mpya wa Louvain-la-Neuve, na kitivo chao cha tiba kikawekwa Woluwe. Kila upande ulibaki na Vesalius wake, na pande zote mbili zina haki, kwa sababu alizaliwa Brussels na kusoma Leuven. Wakongo nao wana sehemu yao katika historia hiyo, kwa kuwa ni Chuo Kikuu hicho cha Louvain kilichoanzisha mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, ambacho leo hii ni Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Leo mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa hospitalini, miongoni mwa mambo ambayo madaktari huyatafuta ni ramani ya mishipa hiyo minne na duara lake. Picha za kwanza za mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai zilipigwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927, na siku hizi mashine huzitoa katika muda mfupi. Ikiwa mshipa umezibwa na damu iliyoganda, kuna dawa ya kuyeyusha ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kuna njia ya kuingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja hadi ubongoni na kuvuta kizuizi nje. Daktari anayeusukuma mrija huo anafuata njia halisi ya mwanadamu. Laiti angekuwa anafuata ramani ya kondoo, angepotea mlangoni.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, mahali popote mlipo, iwe Brussels, Muscat, Mombasa au Bukavu, jambo hili linatuhusu. Ukimwona mtu uso umepinda ghafla upande mmoja, mkono umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, usimwache alale kwa kudhani amechoka, na usisubiri hadi asubuhi. Hicho huenda ni kiharusi, na kila dakika inayopita sehemu ya ubongo inakufa. Nchini Ubelgiji na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya namba ya kupiga ni 112. Na kwa kuwa shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, kupima mara kwa mara ni jambo la lazima hata kwa anayejiona mzima.

Vesalius hakumaliza kazi ya kuichora ramani hiyo. Alifuta kilichokuwa cha uongo ndani yake, pamoja na alichokichora kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kufanya hivyo akawaachia waliomfuata karatasi safi. Mnara wa Woluwe una jina lake, na bila shaka anastahiki.